Baba aliyebaki Burma: jibu kwa msomaji wa Kaloleni

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naishi Kaloleni hapa Nairobi, lakini kwetu ni Siaya. Baba yangu alizaliwa mwaka 1943, baba yake akiwa tayari ameenda jeshini, Keya, na huyo mzee hakurudi. Tulichoachiwa ni mkebe wa biskuti. Ndani mna barua moja ya Kiswahili na kipande cha karatasi chenye namba. Nyanya aliambiwa na chifu kwamba mumewe amefia Burma, basi. Wengine katika ukoo husema hakufa, alioa hukohuko. Baba anataka kujua baba yake amelala wapi kabla na yeye hajaondoka. Je, anaweza kupatikana? Anaweza kurudishwa nyumbani? Tena kuna mvutano: wazee wanataka tuzike tunda la yago bomani badala ya mwili, mchungaji hataki hata kusikia."

Marahaba, mwanangu. Mfikishie mzee salamu zangu kabla ya lolote. Nitaanza na ule mkebe, maana sehemu kubwa ya jibu lako imo humo.

Ile namba iwekeni vizuri kuliko hata barua. Jina la askari liliandikwa na karani aliyekuwa akisikiliza lugha asiyoijua, kuruta amesimama mbele yake, foleni nyuma inasubiri. Namba haikuwa na shida hiyo. Nimewahi kushika karatasi tatu za mtu mmoja, jina limeandikwa namna tatu, namba ileile. Kwa majina ya Kijaluo hali huwa mbaya zaidi: Odhiambo utamkuta Odiambo au Othiambo, Ochieng' atakuwa Ocheng, na ile ng' ya mwisho mara nyingi huanguka njiani. Pengine jina la ubatizo halimo kabisa, kuna jina la nyumbani na la baba yake tu. Kwa hiyo kaa na mzee umwulize majina yote ambayo babu aliitwa: la kuzaliwa, la kanisani, la utani, la baba yake, na hata nyanya alivyokuwa akimwita. Andika yote, usichague.

Kisha itazame barua yenyewe, hasa kona ya juu alipoandika anwani yake. Mnasema alikwenda Keya, na Keya ni KAR, King's African Rifles, askari wa miguu. Lakini kijijini kila aliyevaa kaki aliitwa mtu wa Keya, hata aliyekuwa Panyako, yaani kikosi cha Pioneer kilichochimba barabara na kubeba mizigo, hata dereva, hata mpishi. Ukiona tarakimu, halafu herufi ndani ya mabano, halafu KAR, basi ni askari wa miguu kweli. Herufi hiyo inataja nchi ambako batalioni iliundwa: K ni Kenya, U ni Uganda, TT ni Tanganyika, NY ni Nyasaland. 11 (K) KAR, kwa mfano, ni batalioni ya Kenya iliyopigana Burma. Usishtuke ukikuta Kiswahili cha barua hiyo ni cha ajabu, ngeli zimepinda na vitenzi vimekatwa. Ndicho kilichoitwa KiKAR, Kiswahili cha kambini, ambacho Mjaluo, Mkamba, Mnandi na Myao walikutana nacho katikati. Babu yako huenda alijifunza lugha hiyo kwa miezi michache, akaitumia kumwandikia mkewe kwa sababu karani wa kambi ndiyo aliyoweza kuiandika. Nakusihi usiisahihishe unapoinakili.

Ukiwa na namba na majina, fungua tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (Commonwealth War Graves Commission). Kutafuta ni bure, na simu yako inatosha. Weka namba kwanza peke yake. Ikikataa, weka jina kwa maendelezo yote uliyoandika, moja moja, na upunguze orodha kwa kuchagua Vita vya Pili na kikosi cha KAR. Ukimpata utaona cheo chake, kikosi, tarehe ya kufa, na mahali jina lake lilipo, hadi namba ya kaburi au ya bamba la ukumbusho. Baadhi ya kumbukumbu zinataja pia jina la baba au la mke, na wilaya aliyotoka. Kuna cheti unachoweza kuchapisha hapohapo. Kichapishe. Mzee wa rika la baba yako hawezi kuridhika na kioo cha simu.

Tarehe ya kufa ichunguze kwa makini, kwa maana inaweza kusahihisha hata maneno ya chifu. Nyakati zile chifu alipewa habari fupi, naye akaifupisha tena. Tarehe ikiwa Septemba hadi Novemba 1942, yaelekea ni Madagaska. Ikiwa tarehe 12 Februari 1944, kaa chini kwanza. Siku hiyo meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache na watu karibu 1,300. Miongoni mwao walikuwa wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Kwa familia nyingi hilo nalo lilifika kijijini kama "amefia Burma", ingawa Burma yenyewe hawakuiona.

Lakini tarehe ikiangukia kati ya Agosti na Desemba 1944, basi chifu alisema kweli, na nakuomba umsimulie baba yako yafuatayo polepole.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo nembo yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilifanya mazoezi Ceylon, nchi tunayoiita Sri Lanka, halafu ikapelekwa mpaka wa India na Burma. Wajapani walikuwa wameshindwa Imphal, wanarudi nyuma, na kazi ya divisheni hii ikawa kuwafuata kupitia Bonde la Kabaw, kuanzia Tamu kwenda kusini. Ilikuwa ni masika ya kule, mvua isiyo na mwisho wa siku wala wiki. Jeshi kubwa halikuwa na desturi ya kusonga mbele katika mvua hiyo, wao wakasonga. Barabara iligeuka uji wa matope, magari yakazama hadi ekseli, chakula na risasi vikawa vinadondoshwa na ndege kwa miamvuli. Malaria na homa ya utitiri wa vichakani viliua huko pamoja na risasi. Kila askari alimezeshwa vidonge vya mepakrini, dawa ya kuzuia malaria, vilivyobadilisha ngozi na macho kuwa ya njano. Walichukua Kalemyo mwezi Novemba, na mwanzoni mwa Desemba wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin, wakavuka. Nyuma yao wahandisi wakajenga daraja la chuma linaloelea, lenye urefu wa mita 350 hivi, na jeshi lote likapita juu yake kuelekea katikati ya Burma. Askari wa kwetu ndio waliofungua njia ile. Watu wanaonunua nyama soko la Burma, kilomita chache tu kutoka kwako, wanalitaja jina hilo kila siku.

Sasa, amelala wapi? Kuna njia mbili. Ya kwanza, ana kaburi lenye jina lake. Wengi waliofia upande ule walizikwa kando ya njia, kisha baada ya vita wakahamishiwa makaburi ya kudumu, ama Imphal, India, penye makaburi 1,600, ama Taukkyan, kaskazini mwa mji wa Yangon, penye zaidi ya 6,000. Usitarajie jiwe refu jeupe kama ulilozoea kuona kwenye picha za Ufaransa. Taukkyan, kwa ajili ya hali ya hewa, utakuta nyasi zilizokatwa fupi, na kwenye kila kaburi msingi mfupi wa jiwe uliobeba bamba la shaba: namba, cheo, jina, kikosi, tarehe. Ile namba iliyo kwenye mkebe wenu ndiyo utakayoikuta imeandikwa juu kabisa.

Ya pili ni kwamba mwili wake haukupatikana au haukutambulika. Basi jina lake litakuwa kwenye Ukumbusho wa Rangoon (jina la zamani la Yangon), uliojengwa katikati ya makaburi hayohayo ya Taukkyan: safu ndefu za nguzo nyeupe, na juu ya kuta zake majina karibu 27,000 ya watu wasio na kaburi linalojulikana. Wamo Wahindi wengi, Waingereza, Waafrika wa Magharibi, na wetu. Kwa hesabu hiyo unaona kwamba kukosa kaburi Burma halikuwa jambo la ajabu. Msitu ule na mito ile ilimeza watu wa kila taifa na kila cheo.

Hapo ndipo ningependa mlizike lile neno la kwamba alioa hukohuko. Nimelisikia kwa familia nyingi, za Kikamba, za Kiluhya, za Kikalenjin, karibu kwa maneno yaleyale. Halitoki Burma, linatoka bomani, mahali ambapo hapakuwa na mwili wala matanga, na mke kijana hakujua ahesabiwe mjane au la. Mtu ambaye hajazikwa huachiwa mlango wazi, na kupitia mlango huo watu huingiza kila hadithi. Kuna waliokuwa na sababu zao pia, mambo ya shamba na ya nani amrithi nani. Ukimkuta babu kwenye kumbukumbu za Tume akiwa na tarehe ya kufa, soma kwa sauti mbele ya ukoo mzima. Nyanya yako aliishi na uvumi ule miaka yote, na ingawa hayupo, anastahili kusafishiwa jina.

Kumrudisha nyumbani haitawezekana, na sitaki mtu yeyote akuchukulie pesa kwa kukudanganya kwamba inawezekana. Tume ile iliundwa mwaka 1917, na moja ya misingi yake ni kwamba waliokufa vitani hubaki karibu na pale walipoanguka, mtoto wa tajiri na wa maskini kwa namna moja. Mama wengi wa Uingereza walilia na kuandika barua wakitaka wana wao, wakakataliwa. Kwa hilo angalau hatukubaguliwa. Safari ya kwenda kuliona kaburi nayo, ikiwa ni Taukkyan, nisingeishauri sasa. Myanmar, ndiyo Burma ya leo, imo vitani yenyewe kwa yenyewe tangu jeshi lilipotwaa madaraka Februari 2021. Wapo watu wa kujitolea duniani ambao hupiga picha za makaburi ya vita na kuwapa familia, na picha nzuri ya bamba lenye jina lake inaweza kupatikana bila mtu wenu kupanda ndege.

Na hapo hapo nikuonye. Mtu akija mlangoni au kwenye simu akasema kuna fidia ya askari wa Keya inatoka London, na kwamba unatakiwa ulipe kidogo kufungua faili, mkatalie. Kumtafuta askari wa Vita vya Pili hakuna ada ya mtu wa katikati.

Sasa suala la yago. Mimi si Mjaluo, na hukumu ya jambo hilo ni ya wazee wenu. Nitasema tu nilichojifunza kwa kukaa nao. Tunda la yago huzikwa badala ya mwili ambao umepotea kabisa: aliyezama ziwani, aliyeenda asirudi. Kwa hiyo msigombane kabla ya kujua ni ipi kati ya zile njia mbili. Kama babu ana kaburi Imphal au Taukkyan, lenye safu na namba, basi huyo alizikwa, na wenzake walisimama juu yake. Wazee wenyewe wanaweza kukuambia kwamba yago haihitajiki, na ugomvi na mchungaji ukaisha bila mtu kushindwa. Kama yuko kwenye ukuta wa wasio na kaburi, wazee wana hoja nzito, na ningemwomba mchungaji aje aketi chini ya mti awasikilize kabla ya kukataa. Wasichokuwa nacho si imani, ni mwili. Familia moja niliyoisaidia ilifika mahali pazuri: wazee walifanya lao alfajiri, saa nne kanisa likaja na nyimbo na maombi, na kwenye boma pakasimikwa jiwe moja dogo. Juu yake waliandika jina, namba ya jeshi, batalioni, tarehe, na mahali alipo hasa. Hilo la mwisho nalipenda sana. Jiwe lisidanganye kwamba yuko chini yake. Liseme yuko Taukkyan, Myanmar, ili kitukuu asome na ajue upande wa kugeukia.

Hapa Nairobi mpeleke mzee kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road. Kuingia ni bure, na ukifika asubuhi utakuta watunza bustani wakifyeka nyasi na kufuta mawe. Wamezikwa pale karibu watu 2,000 wa Vita vya Pili. Mwambie mapema, asije akavunjika moyo, kwamba kama babu alifia Burma jina lake halimo humo. Lakini umo Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wenye majina ya wasio na kaburi waliopotea Somalia, Ethiopia, Madagaska, na wapiga mizinga wa Khedive Ismail. Yumo Nigel Leakey, sajini wa KAR aliyepanda juu ya kifaru cha vita cha Waitaliano kule Colito, Ethiopia, mwezi Mei 1941, akapewa Msalaba wa Victoria, na mwili wake haukupatikana hadi leo. Naye ni jina ukutani tu, kama askari wa Siaya na wa Kitui waliomo humo.

Niliwahi kumpeleka pale bibi mmoja aliyekuwa na kaka kwenye meli ile. Hakujua kusoma. Tulitafuta nusu saa, jua likiwa utosini, na herufi za jiwe hazionekani vizuri jua likiwa juu. Heri kwenda asubuhi au jioni, mwanga ukipiga kwa ubavu na kuonyesha michoro. Nilipoliona nikamwambia, "Hili hapa, mama." Akaniambia nimshike kidole nikiweke juu ya herufi ya kwanza. Nikakiweka. Akakipitisha taratibu mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Halafu akauliza kama ile ya mwisho ndiyo jina la baba yao. Ndiyo ilikuwa. Akavua kitambaa cha kichwani, akafuta jina hilo vumbi, akafuta na la jirani yake pia, mtu asiyemjua.

Jumapili ya pili ya Novemba kila mwaka kuna ibada ya kumbukumbu hapo. Mkitaka kwenda, nendeni na mzee avae vizuri, kama mtoto wa askari. Yapo pia makaburi ya Kariokor, ambako Mfalme Charles alifika alipozuru Nairobi mwaka 2023 na kuwakabidhi maveterani wachache medali mpya badala ya zile walizopoteza. Baadhi yao walikuwa wamezitupa wakati wa Mau Mau, kwa sababu kushikwa na alama ya Mwingereza kungekutia taabani. Kwa hiyo kama nyanya hakuwahi kuonyesha medali yoyote, usidhani babu hakustahili. Aliyepigana Burma alistahili Nyota ya Burma, ya shaba, yenye ncha sita, utepe wake wa samawati nzito una mstari mwekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa pembeni.

Jina lenyewe la Kariokor linanikumbusha jambo ambalo hunichoma kila mara. Linatoka Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza, na wengi wao hawana orodha ya kutafuta kwenye simu. Sanamu zao ziko Kenyatta Avenue tangu mwaka 1928, na maandishi yake yanaahidi kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao, ilhali majina mengi hayakuandikwa kwenye ukumbusho wowote. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Familia za hao hunijia, na sina la kuwapa. Babu yako alikwenda katika vita ambavyo Kenya pekee ilitoa watu karibu 98,000, na safari hiyo majina ya waliokufa yaliandikwa. Ndiyo maana nina matumaini nawe.

Ukitaka kwenda mbali zaidi ya tarehe na mahali, kuna sehemu mbili. Makavazi ya Kitaifa, lile jumba la Moi Avenue ambalo watu hupeana miadi mbele yake, yana majalada ya wilaya za wakati wa ukoloni, zikiwemo barua za DC (mkuu wa wilaya) kuhusu askari na familia zao. Chukua kitambulisho, omba majalada ya Central Kavirondo ya miaka 1943 hadi 1946, maana Siaya wakati huo ilikuwa chini ya jina hilo. Utahitaji subira, siku mbili au tatu za vumbi. Ofisi moja, si hiyo, iliwahi kunizungusha miezi mitano kwa karatasi niliyokuja kuipata mahali pengine kwa dakika kumi, kwa hiyo ukiambiwa haipo, uliza kwa mtu wa pili. Sehemu nyingine ni Makavazi ya Kitaifa ya Uingereza, Kew, ambako zimehifadhiwa shajara za vita za kila batalioni. Za Burma zimo katika fungu la WO 172. Huko askari wa kawaida ni nadra kutajwa kwa jina, lakini ukiwa na tarehe utajua siku hiyo batalioni ilikuwa kwenye kilima gani, mvua ilinyesha au la, na wangapi hawakurudi jioni.

Fanya hivi wiki hii. Piga picha ya barua pande zote mbili, na ya kile kipande cha karatasi, mchana, dirishani, bila taa ya simu. Usiikunjue kwa nguvu mahali ilipokauka. Nitumie pamoja na orodha ya majina. Halafu weka simu mbele ya mzee uirekodi sauti yake akieleza yote aliyoambiwa na mama yake kuhusu huyo mtu: alikuwa mrefu au mfupi, aliimba, alicheza mpira, aliondoka na nani, alisema nini siku ile. Mwulize pia ni nani mwingine wa kijiji chenu aliyekwenda naye akarudi. Wakati mwingine mtoto wa huyo ana kipande kingine cha habari, kimekaa kwenye mkebe mwingine, nyumba ya tatu kutoka kwenu.